Kurwa Hali Mpaka Doto Apate

Mungu alinipa mikono miwili, akanipa na mapacha, nikadhani hesabu imetimia. Septemba ikanifumbua macho. Asubuhi mkono mmoja nimemshika Kurwa, wa pili nimemshika Doto, ufunguo nimeung'ata kwa meno, mabegi yananing'inia shingoni, na lifti ya ghorofa letu hapa Etobicoke, ughaibuni, inataka kidole. Kidole sina. Nilikuwa nabonyeza kwa kiwiko, na siku kiwiko kikikosea tunashushwa mpaka kwenye maegesho ya chini ya ardhi, watoto wanacheka, mimi natukana kimoyomoyo, tunapanda tena. Hayo ni ya kuchekwa. Lililonikosesha raha msimu ule ni kwamba mmoja wa wanangu alikuwa hali chakula shuleni, na mimi baba yake sikuweza kumfanya ale.

Niwaeleze wenyewe kwanza. Ni wasichana, wamefanana mpaka inachosha. Majina yao ya kwenye karatasi yapo, lakini nyumbani hatuyatumii. Aliyetangulia ni Kurwa na aliyefuata ni Doto, kama ilivyo kwetu Tabora. Ukitaka kuwatofautisha tazama nyusi. Kurwa ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto, alianguka bafuni. Walikuwa hawajatimiza vizuri miaka minne walipoanza chekechea. Mama yao ni muuguzi, hutoka nyumbani kabla hakujapambazuka na hurudi watoto wameshavaa nguo za kulala. Mimi hufanya kazi nyumbani, kwenye meza ya jikoni, nashughulikia madai ya ajali za magari. Natumiwa picha za bampa zilizobonyea, nasoma maelezo ya huyu na ya yule, kisha naamua nani mwenye kosa. Kazi hiyo nimeifanya miaka saba na najisifu kwamba sikosei sana.

Mapacha hawa walipokuwa na miezi minane, mama yangu alikuja kutoka Tabora akakaa nasi miaka miwili. Ndiye aliyetuwekea sheria. Ukinunua nguo, nunua mbili za aina moja. Ukimbeba mmoja, mbebe na mwenzie hata kama mgongo unakatika. Na kubwa kuliko zote ilikuwa ya mezani: sahani ya Kurwa inatangulia, kwa sababu yeye ndiye aliyetangulia duniani, lakini Kurwa hali mpaka Doto apate. Mama aliwafundisha kukalia mikono yao ili isitangulie kwenye chakula. Kurwa anakaa hivyo, anamgeukia mwenzie, anauliza, "Umepata?" Doto akishawekewa chake anajibu, "Nimepata." Ndipo mikono inatoka, wanakula. Sijui kama hiyo ni mila ya Wanyamwezi wote au ni ya mama yangu peke yake. Nilipomuuliza aliniambia niache maswali ya Kizungu, nipakue.

Alipoondoka kurudi nyumbani, sheria zake nyingi zilianza kulegea. Ile ya mezani ilibaki. Watoto wetu wanakisikia Kiswahili chote, ukiwatuma watakuletea, lakini wakifungua mdomo kinatoka Kiingereza. "Umepata" na "nimepata" walikuwa hawajayabadilisha. Mke wangu alikuwa anasema hayo maneno mawili ndiyo Kiswahili chetu chote kilichobaki kwenye nyumba, nami nilikuwa namwambia asinikatishe tamaa.

Mwezi wa nane barua ilitoka shuleni kwamba kila mmoja atakaa darasa lake, ili ajifunze kujisimamia. Nilipiga simu nikiwa nimevimba. Sauti ya upole ikanieleza kwamba ndio utaratibu wao, na kwamba huwafaa mapacha wengi. Nikasema sawa, asante sana. Mimi ni mkali kwa mke wangu na kwa madereva wanaodanganya. Mbele ya sauti ya upole ya Kiingereza nayeyuka. Nilipokata simu ndipo majibu yote mazuri yakanijia kichwani.

Basi Doto akapangwa darasa lenye picha ya bundi mlangoni. Kwetu bundi akitua juu ya paa watu hawalali, hapa wamembandika mlangoni na wamemvisha miwani. Kurwa akapangwa darasa la kobe, mwisho kabisa wa ukumbi uleule. Barua ilisema pia kila kitu cha mtoto kiandikwe jina lake. Nilianza vizuri na kalamu ya wino usiofutika. Kufika kwenye soksi ya nne nikachoka. Nikaandika jina la ukoo tu kwenye kila kitu, majaketi, viatu, mabegi, na yale makopo mawili ya zambarau ya kubebea chakula ambayo yalikuwa ya aina moja, kama mama alivyoagiza. Nikajiambia jina la babu yao linatosha.

Siku ya kwanza Doto alinikamata mguu. Watoto wanapangwa mistari miwili kwenye uwanja wa nyuma, mstari wa bundi na mstari wa kobe, na wazazi tunasimama nje ya uzio. Alilia mpaka akakohoa. Ilibidi mwalimu aje avibandue vidole vyake kwenye suruali yangu kimoja kimoja. Kurwa yeye aliutoa mkono wake mkononi mwangu, akaenda kwenye mstari wa kobe, akasimama nyuma ya mwenzake, hakugeuka. Mwalimu wake aliniinulia dole gumba kutoka kule. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa hata mmoja aliye rahisi.

Jioni ile niliyafungua makopo jikoni. Kufikia hapo mabegi yalikuwa yameshachanganyika. Wakitoka shuleni huyatupa chini na mimi nayaokota yote. Kopo moja lilikuwa tupu, lina chembechembe tu. La pili lilikuwa limejaa, chapati imekunjwa vilevile nilivyoikunja, tofaa halijaumwa. Nikajua moja kwa moja ni la Doto. Sikumuuliza mtu. Mtoto aliyelia vile atakula saa ngapi?

Siku ya pili hivyohivyo, na ya tatu. Mwanzoni nililaumu mapishi. Karanga ni marufuku shuleni kwa sababu kuna watoto zinawadhuru, na mtu wa kwetu ukimnyima karanga umemfunga mikono. Nikapika wali na maharage, nikatia kwenye vichupa vya kutunza joto. Kimoja kikarudi kitupu, kimoja kimejaa. Nikajaribu viazi, tambi, mayai, hata mkate wa jibini ambao mimi mwenyewe siuli. Wiki ya pili kikabandikwa kijikaratasi cha njano juu ya kopo lililojaa: Leo pia hakula. Tulijaribu. Hakikuwa na jina. Kingehitaji jina gani, wakati kimebandikwa kwenye kopo la mtoto mwenyewe?

Hapo ndipo nilipoanza kumkaripia Doto. Nayasema haya kwa aibu. Nilikuwa nachuchumaa mbele yake, kopo mkononi, namuuliza kwa nini hukula. Ananijibu kwa Kiingereza chake, "Nimekula, Baba." Namwambia asinidanganye, chakula hiki hapa nakiona kwa macho yangu. Anasema tena, "Nimekula," midomo inaanza kutetemeka. Kurwa amesimama pembeni anatazama zulia. Mimi nazidi kupandisha sauti. Kazini kwangu mtu akirudia maelezo yaleyale mara tatu bila kubadilisha neno, huwa naanza kumwamini. Kwa mwanangu sikufanya hivyo.

Kisha naliweka kopo mezani. Namwambia Doto haondoki mpaka amalize. Wanakaa wote wawili, maana mmoja hakai bila mwenzie. Kurwa anauliza, "Umepata?" Doto anajibu kwa kwikwi, "Nimepata," anachukua kipande kimoja, halafu analisukuma kopo kwa Kurwa. Na Kurwa anamaliza chote, haraka, mpaka analamba mfuniko. Nilikuwa nasimama pale nikiwaza kwamba huyu mkubwa Mungu kamjalia hamu ya kula, na huyu mdogo anajiua. Nimesimama pale zaidi ya mara kumi, nikitazama jambo lilelile, nikiwaza ujinga uleule.

Hali ya hewa nayo ilikuwa inanichezea. Asubuhi baridi ya kuvaa jaketi, mchana joto la kulivua, na kila Ijumaa nilikuwa naenda kwenye sanduku la vitu vilivyopotea kutafuta jaketi la zambarau lenye jina la baba yangu. Mti mkubwa mbele ya ghorofa letu ulianza kuwa mwekundu upande mmoja tu. Mitambo ya kupasha joto ilikuwa haijawashwa bado, tukawa tunavaa soksi ndani ya nyumba. Bata bukini wakaanza kupita juu wakipiga kelele, na Doto, aliyekuwa analia kila asubuhi bila kukosa, alikuwa ananyamaza kidogo kuwatazama, kisha anaendelea kulia. Kurwa alikuwa anaenda kwenye mstari wake bila kugeuka.

Jumamosi moja mke wangu alikuwa anawaogesha. Aliniita mlangoni. Akasema, "Baba Kurwa, hebu njoo umtazame huyu. Naona Kurwa ndiye aliyepungua." Nilimwambia amechoka, amewachanganya. Akaniambia kovu analiona. Nikamwambia wote wanapungua wakianza shule, ni kukimbiakimbia huko, na anayenitia wasiwasi mimi ni Doto kwa sababu kopo lake nalifungua mimi kila siku, si yeye. Alinitazama, akamfunga mtoto taulo. Muuguzi wa miaka kumi, anapima wagonjwa kwa macho, mimi nikamwambia hajui kumtazama mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Mama yangu alikuwa anapiga simu ya video kila Jumapili. Nilimweleza kwamba Doto hali. Akaguna. Akasema huyo tangu ananyonya hakuwa na subira ya kungoja ziwa, ndiye leo ashindwe na chapati? Nikamwambia huku mambo ni tofauti. Akasema kosa ni kuwatenganisha, mapacha hawatenganishwi. Nikamwambia si mimi niliyewatenganisha. "Sasa ni nani baba yao?" akauliza. Halafu akauliza kama wanavyouliza watu wanaotaka kujifariji, "Lakini mezani wanangojeana bado?" Nikasema wanangojeana. Hilo lilikuwa kweli siku ile.

Kufikia vijikaratasi vya njano sita, nilikuwa silali vizuri. Nilimwandikia barua pepe mwalimu wa darasa la bundi, ndefu, kali, nikaifuta, nikaandika fupi ya adabu. Alinijibu siku hiyohiyo: njoo saa ya chakula cha mchana ujionee mwenyewe. Nilimwomba bosi wangu saa moja. Njiani nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba kwa sauti, peke yangu garini. Nitawaambia hivi, nitawaambia vile. Mtoto wangu si wa kujaribiwajaribiwa.

Mwalimu wa Doto ni binti mdogo, sidhani kama amefika miaka thelathini. Alinipokea mlangoni pa bundi, akaniambia Doto anaendelea vizuri sana, kilio chake kinakwisha dakika tano tu baada ya mimi kuondoka. Nikamwambia sikujia kilio, nimejia chakula. Akaonekana kushangaa. "Chakula? Anamaliza chote," akasema. "Jana aliniomba na tofaa langu."

Nikamwambia haiwezekani. Nikatoa vile vijikaratasi mfukoni, nikavipanga kwenye kiganja changu mbele yake kama mtu anayeonyesha ushahidi. Akavitazama. Akasema mwandiko huo si wake, na kwamba hajawahi kuniandikia chochote. Kisha yeye ndiye aliyegeuza kichwa kwanza, akatazama mwisho wa ukumbi, kwenye mlango wa kobe.

Nilitembea mpaka kule sijui kwa miguu ya nani. Mlango ule una kioo kirefu. Ndani watoto walikuwa kwenye meza za duara wanakula, wengine wanapiga gumzo, mmoja kamwaga maziwa. Kurwa alikuwa meza ya karibu na dirisha. Kopo lake lilikuwa wazi mbele yake, chapati imekunjwa vilevile nilivyoikunja asubuhi. Alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili. Miguu haikufika chini. Msaidizi wa mwalimu aliinama, akachukua kipande akakipeleka mdomoni mwake, na Kurwa akageuza uso pembeni kwa adabu, bila kelele, kama anavyofanya mtu mzima anayekataa chai. Kisha akamgeukia mtoto wa jirani yake, katoto kenye nywele za njano, na midomo yake ikatamka kitu. Sikusikia, mlango ulikuwa umefungwa. Lakini nililijua. Alikuwa anamuuliza, umepata?

Yule mtoto alimtazama huku anatafuna. Hakujua anaulizwa nini. Kurwa akangoja kidogo, akageuka tena kutazama kopo lake.

Mwalimu wa Kurwa, mama wa makamo mwenye sauti ileile ya upole, alitoka darasani akanikuta nimeegemea ukuta. Alisema wamekuwa wakimhimiza kila siku. "Hana fujo, hana shida yoyote, isipokuwa hiyo," alisema. "Tulidhani ni jambo la dini yenu. Hatukutaka kumlazimisha." Nilitaka kukasirika. Nilimtafutia kosa kila mahali, nikashindwa kulipata. Kila karatasi aliyobandika niliisoma, nikaiweka mfukoni, nikaenda kumpigia kelele mtoto mwingine.

Ikabidi nieleze. Kueleza kwa Kiingereza ndiko kulikonimaliza. Nilisema wakubwa wetu wana desturi kwamba pacha wa kwanza hali mpaka wa pili apate chakula, na anakaa hivyo na mikono yake, na anauliza. Nilikuwa nasikia maneno yakinitoka, na jambo zuri la mama yangu lilikuwa linageuka adhabu mdomoni mwangu. Mwalimu alitikisa kichwa polepole kwa huruma. Nikamuuliza kama hawezi kuletewa Doto wakae pamoja saa ya chakula tu. Akasema wasaidizi ni wachache, atauliza, lakini asingependa kuniahidi. Kisha akasema, "Unaweza kuingia umwambie, kwa lugha yenu, kwamba hapa anaruhusiwa kula?"

Nikaingia. Nilipiga magoti kwenye zulia, pua yangu ikawa sawa na meza. Watoto wote waliacha kula wakanitazama. Kurwa hakutabasamu, aliniangalia tu, akauliza, "Baba, Doto amepata?"

Kwa Kiswahili. Mtoto ambaye nikimsalimu asubuhi ananijibu kwa Kiingereza.

"Amepata, mama," nikasema.

"Umemwona?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni pa Doto muda wote ule nikibishana, na sikuwa nimechungulia ndani hata mara moja. "Nimemwona," nikasema. "Sasa kula. Hapa shuleni usimngoje mwenzio. Kula tu."

Akafikiri. "Bibi amesema?"

Mbele yangu kulikuwa na mwalimu, msaidizi wake, na watoto zaidi ya ishirini wenye makombo midomoni. Mwanangu alikuwa na njaa ya wiki tano. Nikasema, "Bibi amesema."

Akaitoa mikono. Migongo ya viganja ilikuwa na alama za kiti. Akachukua chapati akaanza kula huku ananitazama, anatafuna polepole, na mimi nikabaki pale chini nimepiga magoti mpaka akamaliza, kwa sababu sikujua niende wapi. Mwalimu aliniwekea mkono begani. Heri asingeniwekea.

Jioni nilimwita Doto nikamwomba radhi. Nilimwambia ulikuwa unasema kweli na baba alikosea. Akanijibu, "Nilikwambia," akaniuliza kama anaweza kuwasha katuni. Mke wangu aliporudi nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa mpangilio, kama ninavyoandika ripoti. Nilingoja anikumbushe maneno yake ya bafuni. Hakunikumbusha. Alivua viatu, akaenda kukaa kwenye kitanda cha Kurwa na nguo zake za kazi, akakaa sana. Angenisema ningepumzika.

Kuanzia siku iliyofuata makopo yote mawili yalikuwa yanarudi matupu. Niliyaandika majina yao kamili, kwa herufi kubwa, wakati hakuna tena haja. Doto naye aliacha kulia, sijui siku gani hasa. Asubuhi moja nilitambua kwamba nimebonyeza kitufe cha lifti kwa kidole. Mti wa mbele ya ghorofa ulikuwa mwekundu wote, kisha ukapukutika, watoto wakawa wanakanyaga majani kwenye maegesho. Yule mwalimu wa Kurwa alinipigia simu kunipongeza. Nilisema asante sana.

Ilikuwa jioni ya mwisho wa Oktoba, mke wangu yuko mapumziko, sote wanne mezani kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Nilipika wali na mchicha wa karanga, maana nyumbani hakuna wa kunikataza. Nikaweka sahani ya Kurwa. Nikageuka kwenye jiko kupakua ya Doto. Nilipogeuka tena, Kurwa alikuwa amejaza mdomo. Anakula kwa hamu, vizuri, kama nilivyoomba.

Doto alikuwa amemgeukia dada yake, anangoja kuulizwa. Nikaiweka sahani mbele yake. Bado akangoja. Kisha akasema mwenyewe, kwa sauti ndogo, "Nimepata."

Kurwa akaendelea kutafuna.

"Nimepata," Doto akarudia.

Kurwa akameza, akamwambia kwa Kiingereza, wala si kwa ubaya, "Si lazima useme. Baba alisema tule tu." Doto akachukua kijiko chake. Mke wangu alinitazama, nami nikaenda kutafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mezani.

Nilijiambia nitawaketisha niwaeleze kwamba shuleni ni shuleni na nyumbani ni nyumbani. Nilijaribu, siku mbili zilizofuata. Nilimwambia Kurwa hapa kwetu mngoje mwenzio. Akaniuliza, sasa Bibi amesema nini, tungoje au tusingoje? Nikamwambia ale. Ningemwambia nini, wakati nilikuwa nimemwona kwa kioo amekalia mikono yake?

Jumapili mama akapiga. Alikuwa amevaa khanga yake ya nyumbani, kuku wanasikika nyuma yake. Aliuliza hali ya Doto, nikamwambia sasa anakula. Akamshukuru Mungu. Akasema yeye alijua, alikuwa anawaombea wote wawili. Kisha akauliza, "Na mezani wanangojeana bado?"

"Wanangojeana, mama," nikasema.

"Nipe huyo mkubwa nimsikie."

Kurwa alikuwa ameshafika magotini kwangu, anataka simu. Nikampa, ningefanyaje? Alisogeza uso karibu na kioo mpaka kovu likaonekana, akamwambia bibi yake kwa Kiingereza, kwa furaha, maneno marefu kuliko yote aliyowahi kumwambia: kwamba sasa anakula chakula chake chote shuleni, na nyumbani pia, na hamngoji Doto tena, kama Bibi alivyosema.

Mama yangu alicheka kwa kuisikia tu sauti yake. Kiingereza hakijui. Alisubiri mtoto amalize, akaniita kwa jina langu la utotoni, akaniuliza, "Amesema nini?"

Mke wangu alikuwa anafuta meza. Akaacha kufuta.

"Anasema shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu," mama akajibu. "Marahaba mwanangu, ukue."